Miaka Mitatu ya Kwanza ya Tenisi ya Kulipwa: Mwongozo kwa Kijana na Anayemlipia Tiketi

Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, fainali ya wasichana wawili wawili iliamuliwa kwa tofauti ya pointi mbili. Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda 3-6, 6-4, 11-9. Ng'ambo ya wavu walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, msichana ambaye wazazi wake walihama kutoka Kongo.

Tazama walikoelekea baadaye. Okutoyi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, alikwenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Mboko aliandamwa na majeraha ya goti. Alipouanza mwaka 2025 alikuwa nje ya 300 bora duniani, akicheza mashindano madogo ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) katika visiwa vya Karibi. Agosti ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, alimshinda Naomi Osaka na kuwa bingwa wa Kanada mjini Montreal.

Aliyeshinda hakupewa kazi siku ile, na aliyeshindwa hakunyang'anywa. Wote wawili ilibidi waanze upya chini kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu una neno moja la msingi: kazi yako katika miaka mitatu ya kwanza ni kudumu. Pesa zisikauke, mwili usivunjike, jina lisichafuke, mpaka mchezo wako ukomae. Ushindi utakuja kwa aliyebaki.

Mwongozo umeandikwa kwa kijana wa miaka 14 hadi 20 na kwa mzazi, mlezi au mjomba anayemlipia tiketi. Usomeni pamoja.

## Kwanza elewa: pointi na pesa zinavyotembea

Huwezi kupanga safari usiyojua njia yake. Tenisi ina ngazi nne, na kila moja ina mlango wake.

- Vijana (miaka 13 hadi 18). Mashindano ya ITF yenye majina J30, J60, J100, J200, J300 na J500, kisha Grand Slam za vijana. Namba ni pointi anazopata bingwa wa mchezo wa mmoja mmoja. Huku hakuna zawadi ya pesa.
- Mlango wa kulipwa. Wanaume hucheza M15 na M25. Wanawake hucheza W15, W35, W50, W75 na W100. Hapa ndipo pointi za kwanza za ATP (wanaume) na WTA (wanawake) hupatikana.
- Ngazi ya kati. Challenger kwa wanaume, WTA 125 kwa wanawake. Tangu 2024 Kigali imeandaa mashindano ya Challenger, kwa hiyo ngazi hii sasa ipo jirani.
- Ngazi ya juu. Mashindano ya ATP na WTA ya 250, 500 na 1000, pamoja na Grand Slam nne.

Jambo la kushika ni kwamba pointi zina umri. Unayoipata leo inakufa baada ya wiki 52. Ukiumia miezi sita, au pesa zikiisha katikati ya mwaka, pointi hazikungoji. Zinadondoka wiki baada ya wiki, na wewe unarudi kwenye mchujo. Mchezaji anayecheza kwa kishindo miezi mitatu kisha akanyamaza miezi tisa anajenga nyumba na kuibomoa mwenyewe.

Sasa pesa. Shindano la M15 au W15 lina jumla ya dola 15,000 za kugawana wachezaji wote. Katika mgawanyo uliotumika miaka ya karibuni, bingwa wa mmoja mmoja hupata dola 2,160. Anayeishia robo fainali hupata 438. Anayetolewa raundi ya pili hupata 258, na anayetolewa raundi ya kwanza hupata 156. Hiyo ni kabla ya kodi ya nchi mwenyeji.

> KISANDUKU: HESABU YA WIKI TATU
>
> Tuseme unakwenda mashindano matatu ya ngazi hiyo, wiki tatu mfululizo katika mji mmoja. Gharama hizi ni za mfano, weka zako.
>
> - Tiketi ya ndege: dola 700
> - Malazi na chakula, siku 21 kwa dola 75: 1,575
> - Viza na bima: 120
> - Nyuzi na kufunga raketi: 150
> - Maji, teksi, data za simu: 105
> - Jumla: 2,650
>
> Mapato, bila kuhesabu mchezo wa wawili wawili:
>
> - Ukitolewa raundi ya kwanza mara tatu: 468. Pengo: 2,182
> - Ukifika robo fainali mara tatu: 1,314. Pengo: 1,336
> - Ukitwaa ubingwa mara moja na kutolewa mapema mara mbili: 2,472. Pengo: 178

Soma mstari wa mwisho mara mbili. Umebeba kombe, umepiga picha, mtaa mzima umekupongeza, na bado una deni. Hukufanya kosa lolote. Ngazi hii ndivyo ilivyo. Uchunguzi wa ITF uliotumia takwimu za 2013 ulionyesha kuwa mwanaume alianza kurudisha gharama zake akiwa karibu nafasi ya 336 duniani, na mwanamke karibu nafasi ya 253, tena bila kuhesabu malipo ya kocha. Tangu 2024 ATP ina mpango wa kuwahakikishia kipato cha chini wanaume walio katika 250 bora. Wewe bado hujafika huko. Kwa hiyo hesabu miaka hii kama karo ya shule, na uitafute kama karo inavyotafutwa.

## Hatua ya 1: Pima kama wakati umefika

Umri peke yake si kipimo, na sheria zimewekwa kwa sababu. Machi 1990 Jennifer Capriati wa Marekani alicheza shindano lake la kwanza la kulipwa huko Boca Raton kabla hajatimiza miaka 14, na akafika fainali. Akiwa na miaka 16 alikuwa na dhahabu ya Olimpiki. Kufikia mwisho wa 1993, akiwa na 17, alikuwa ameuacha mchezo akiwa amechoka mwili na roho. Alirudi na kutwaa Grand Slam tatu miaka ya 2001 na 2002, lakini ujana wake ulikuwa umekwisha kulipa gharama. WTA ikaweka kikomo: msichana haruhusiwi kucheza mashindano ya kulipwa kabla ya miaka 14, na kuanzia hapo idadi ya mashindano yake kwa mwaka ina ukomo mpaka atimize 18. Wavulana nao huanzia 14, na idadi hudhibitiwa katika umri wa mwanzo.

Pima hivi:

1. Hesabu mechi zako 30 za mwisho katika ngazi unayocheza sasa.
2. Ukishinda mbili katika kila tatu, panda ngazi moja.
3. Ukishinda chini ya nusu, teremka au ubaki hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
4. Ukiwa katikati, changanya: mashindano mawili ya ngazi yako kwa kila moja la juu yake.

Usizikimbie J30 za Nairobi au Kigali kwa sababu zinaonekana ndogo. Kijana aliyepanda hadi 100 bora ya vijana anaweza kupata nafasi zinazotengwa kwa vijana katika droo kuu za M15 na W15. Hiyo inakuepusha na mchujo, ambao kwa kawaida haulipi.

## Hatua ya 2: Chagua njia, chuo au mzunguko

Hili ndilo swali litakaloleta mzozo nyumbani, basi lijadilini mapema.

Njia ya chuo. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Unapata kocha, korti, daktari, mazoezi ya viungo, na mechi nyingi bila kununua tiketi. Ukiumia, bado una shahada. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alipitia Chuo Kikuu cha Illinois kisha akafika fainali ya US Open 2017 na ya Wimbledon 2018. Cameron Norrie na Danielle Collins nao ni matunda ya vyuo.

Njia ya mzunguko moja kwa moja. Inamfaa aliye na mtu au taasisi ya kumlipia angalau miaka miwili, na ambaye tayari anawashinda watu wazima wenye pointi. Sada Nahimana wa Burundi alipitia kituo cha mafunzo cha ITF na Shirikisho la Tenisi la Afrika (CAT) mjini Casablanca, akaingia kwenye mzunguko kutokea hapo.

Jiulize maswali matatu:

- Je, nina pesa ya wiki 20 za safari kwa mwaka, taslimu au kwa ahadi iliyoandikwa?
- Je, nina kocha wa kunifuata au kituo cha kufanyia mazoezi kati ya safari?
- Je, tayari ninawashinda watu wazima wenye pointi?

Jibu la "hapana" mara mbili linakuelekeza chuoni.

> TAHADHARI
> Kama chuo ni mojawapo ya njia zako, usipokee hata dola moja ya zawadi kabla ya kusoma kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, za mwaka huo kuhusu zawadi za pesa, mawakala na umri wa kujiunga. Kanuni hizi zinabadilika. Mwulize kocha wa chuo kwa maandishi, na uyatunze majibu yake.

## Hatua ya 3: Weka karatasi sawa

Vipaji vingi vya kwetu huishia mezani kabla ya kufika kortini. Fanya kwa mpangilio huu:

1. Pasipoti yenye uhai wa miezi zaidi ya sita na kurasa tupu za kutosha.
2. IPIN, namba ya usajili wa mchezaji ya ITF. Bila hiyo huwezi kuingia shindano lolote la ITF. Hulipiwa kila mwaka.
3. Mafunzo ya mtandaoni ya uadilifu na ya kupambana na dawa zilizokatazwa. Yamalize mapema.
4. Barua ya shirikisho lako la taifa inayokutambulisha, kwa ajili ya ubalozi na wafadhili.
5. Viza. Omba mara tu unapojua wiki za safari. Ambatisha barua ya mwaliko wa shindano, taarifa ya benki na ratiba ya kurudi shuleni.
6. Bima inayolipa matibabu nje ya nchi na inayotaja michezo ya ushindani.

Kisha kuna tarehe za mwisho. Kwa vijana, maombi hufungwa Jumanne, siku 27 kabla ya Jumatatu ya wiki ya shindano. Kwa M15, W15 na mengine ya ngazi hiyo, hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla. Kujitoa bila adhabu kuna Jumanne yake, siku 13 kabla. Thibitisha kila moja kwenye ukurasa wa shindano lenyewe, kwa kuwa kanuni hufanyiwa marekebisho.

Saa ya kufunga huandikwa 14:00 kwa saa za Greenwich. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa kumi na moja jioni. Nilikaa na kijana mmoja kwenye benchi la klabu, saa mbili usiku, akifungua simu aombe nafasi katika shindano alilokuwa amelitafutia pesa miezi minne. Aliamini Alhamisi huisha usiku wa manane. Ukurasa ulikuwa umefungwa tangu saa kumi na moja. Alikaa akiutazama mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Weka kengele mbili: moja Jumatano, nyingine Alhamisi saa nne asubuhi.

## Hatua ya 4: Panga kalenda kwa mafungu

Tiketi ya ndege ndiyo gharama isiyokatika vipande, kwa hiyo itumie kwa wiki nyingi. Monastir nchini Tunisia, Sharm El Sheikh nchini Misri na Antalya nchini Uturuki ni miji yenye mashindano ya M15 na W15 wiki nyingi za mwaka, mara nyingi katika hoteli moja.

1. Panga fungu la wiki tatu mji mmoja, aina moja ya korti. Monastir na Sharm ni korti ngumu, Antalya ni udongo. Usichanganye katika safari moja.
2. Rudi nyumbani. Wiki ya kwanza pumzika na tibu, wiki mbili hadi tatu zinazofuata fanya mazoezi.
3. Weka mashindano ya nyumbani na ya jirani kwanza kwenye kalenda: Nairobi, Kigali, popote basi linapofika.
4. Rudia mafungu matano hadi sita kwa mwaka, na yasizidi hapo mwaka wa kwanza.
5. Cheza wawili wawili kila wiki. Inakuongezea pesa kidogo, mechi nyingi, na rafiki wa kugawana naye chumba.

Ukitolewa Jumanne, usikae chumbani ukitazama dari. Wachezaji wa ngazi hii wote wako pale pale: omba mazoezi na mtu wa nafasi ya juu kuliko yako. Hiyo ndiyo faida ambayo tiketi yako ilinunua na ambayo haimo kwenye droo.

## Hatua ya 5: Tafuta karo

Gawanya bajeti ya mwaka katika mafungu, kisha omba fungu, usiombe "msaada". Mtu husita anapoambiwa "nisaidie nicheze tenisi". Akiambiwa "fungu la Machi ni dola 2,650, nina 1,400, nakosa 1,250", anajua pa kuanzia.

Mahali pa kubisha hodi:

- Shirikisho la taifa, yaani Tennis Kenya, Chama cha Tenisi Tanzania na wenzao. Ndilo linalopendekeza majina kwa ITF na CAT.
- Mfuko wa maendeleo wa Grand Slam, unaosimamiwa na ITF, ambao hutoa ruzuku za safari kwa wachezaji wa nchi zisizo na uwezo mkubwa.
- Kampuni za nyumbani ambazo mwenye maamuzi wake hucheza tenisi klabuni kwenu. Mwombe baada ya kumwonyesha matokeo yako ya miezi sita.
- Ukoo na jirani. Harambee ni halali na ni heshima, mradi utoe hesabu. Kila baada ya safari tuma ukurasa mmoja: pesa zilizotumika, mechi zilizochezwa, ulichojifunza. Aliyepewa hesabu mara ya kwanza atachangia mara ya pili.

## Hatua ya 6: Raketi, nyuzi na mwinuko

Nenda na raketi tatu zinazofanana, zisipungue. Nunua nyuzi kwa roli ya mita 200. Raketi moja hula takriban mita 12, kwa hiyo roli hutoa raketi 16. Ukibeba roli yako, shindano litakutoza ufundi pekee.

Sasa jambo linalowaumiza wachezaji wetu kimyakimya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huruka, na kanuni za ITF zinatambua mipira maalumu kwa maeneo yaliyozidi mita 1,219. Mchezaji wa Nairobi huzoea kufunga nyuzi kwa mkazo mkubwa ili mpira usimtoroke. Akishuka Monastir, usawa wa bahari, mpira unakuwa mzito, kila pigo linaangukia nusu ya korti, na yeye anadhani ameusahau mchezo.

Fanya hivi:

1. Fika siku tatu kabla ya mechi ya kwanza.
2. Funga raketi ya kwanza kwa mkazo wako wa kawaida, ya pili pungufu kwa kilo moja, ya tatu pungufu kwa kilo mbili.
3. Piga mipira ishirini ya nyuma ya korti kwa kila raketi, na uhesabu inayopita mstari wa servisi wa mpinzani.
4. Chagua, andika kwenye daftari, usibadilishe tena wiki hiyo.

Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayepanda Nairobi au Kigali afanye kinyume chake: aongeze mkazo.

## Hatua ya 7: Linda mwili

Mgongo wa chini ni adui wa kijana anayekua. Servisi nyingi kwenye mifupa isiyokomaa huweza kupasua uti wa mgongo kwa ufa mdogo usioonekana kwa macho.

- Hesabu servisi za mazoezi kama unavyohesabu pesa. Usiongeze idadi ghafla.
- Maumivu ya mgongo yanayozidi unapojikunja nyuma, yakidumu wiki mbili, ni ya daktari. Usimpelekee mtu wa kukukanda kwanza.
- Siku moja kila wiki bila raketi. Wiki nne kila mwaka bila mashindano kabisa.
- Kulala kwa muda wa saa nane ni mazoezi. Simu ibaki mbali na kitanda.
- Kwenye joto la Sharm, maji peke yake hayatoshi. Beba chumvi za kuongeza maji mwilini kutoka nyumbani.

## Hatua ya 8: Linda jina

Jina likichafuka hakuna fungu la wiki tatu litakalolisafisha.

> TAHADHARI: KUBETI
> Ukishasajiliwa, huruhusiwi kubeti kwenye tenisi popote duniani, hata shilingi mia, hata fainali ya Wimbledon, hata kwa simu ya dada yako. Kuuza habari za majeraha au za hali ya mchezaji ni kosa. Mtu akikupa pesa upoteze seti, kukataa hakutoshi: lazima uripoti kwa ITIA, chombo cha uadilifu wa tenisi. Kunyamaza nako ni kosa. Adhabu hufika kufungiwa maisha na faini ya dola 250,000.

Wanaokuja na pesa hizo huwafuata hasa wachezaji wa ngazi hii, kwa kuwa wanaijua hesabu ya kisanduku kile kama unavyoijua wewe. Ujumbe huanza kwa upole: "Nimependa mchezo wako." Piga picha ujumbe, usijibu, ripoti siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa: unawajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwako. Jannik Sinner alipatikana na chembe za clostebol mwaka 2024. Zilitoka kwenye dawa ya kupuliza ambayo mtaalamu wake wa viungo alitumia kidoleni mwake mwenyewe kabla ya kumkanda. Bado alikaa nje miezi mitatu mwaka 2025. Kama yaliweza kumpata yeye mwenye timu kamili, wewe jihadhari zaidi:

- Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoephedrine. Mwonyeshe daktari orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, kabla ya kumeza.
- Sindano za steroidi, kama za goti au bega, zimekatazwa wakati wa mashindano. Ukihitaji tiba ya namna hiyo, omba kibali cha matibabu mapema.
- Dawa za miti shamba na unga wa kujenga misuli visivyojulikana vilivyomo: acha.
- Andika kila dawa, tarehe na aliyekupa.

## Hatua ya 9: Timu na mikataba

Kocha wa safari. Kocha mmoja kwa wachezaji watatu hupunguza gharama na huleta wenzako wa mazoezi. Kijana aliye chini ya miaka 18 asilale chumba kimoja na kocha, hata kama ni kubana matumizi. Mlezi awe na ratiba, namba ya chumba na mawasiliano ya kila siku. Kocha mwema hatalalamika.

Mkataba wa mdhamini. Mtu anayelipa tiketi leo anaweza kuomba sehemu ya mapato ya kesho. Si dhambi, lakini usitie saini mpaka uone mambo manne kwa maandishi:

1. Tarehe ya mwisho wa mkataba.
2. Kiwango cha juu cha kurudisha. Kikifikiwa, mkataba unakufa.
3. Asilimia ihesabiwe baada ya kutoa gharama za safari.
4. Haki yako ya kwenda chuo bila adhabu.

Aliye chini ya miaka 18 asisaini bila mlezi, na mlezi asisaini bila mwanasheria. Saa moja ya mwanasheria ni nafuu kuliko miaka kumi ya majuto.

## Makosa ya kawaida

- Kutangaza "nimekuwa mchezaji wa kulipwa" kabla ya kuwa na bajeti. Tangazo haliongezi pointi, na linaweza kukufungia chuo.
- Kuruka ngazi. Kutolewa mchujo wa W75 mara sita hakukufundishi kushinda.
- Kubadilisha kocha baada ya kila kipigo. Mpe mtu miezi sita.
- Kucheza ukiwa umeumia ili tiketi isipotee. Tiketi ni dola 700. Goti halina bei.
- Mzazi kuuliza "umeshinda?" kwanza. Anza na "umekula?" Kijana aliyetolewa ugenini anahitaji kusikia sauti ya nyumbani kabla ya hukumu.
- Kutotunza kumbukumbu. Nunua daftari la mazoezi la kurasa 96. Baada ya kila mechi andika mistari mitatu: kilichofanya kazi, kilichovunjika chini ya presha, cha kufanyia mazoezi kesho.

## Orodha ya kukagua kabla ya safari

☐ Nimekubaliwa kwenye orodha ya shindano, na ninajua kama ni droo kuu au mchujo
☐ Ninajua saa ya kujiandikisha uwanjani kwa mchujo, kwa kawaida jioni ya kuamkia siku ya kwanza
☐ Pasipoti, viza, bima, na nakala zake kwenye simu na kwa mlezi
☐ IPIN iko hai, mafunzo yote yamekamilika
☐ Raketi tatu, roli ya nyuzi, vishikio vya ziada, viatu jozi mbili
☐ Dawa zangu zimekaguliwa na daktari
☐ Pesa ya dharura ya kubadilisha tiketi, isiyoguswa kwa jambo jingine
☐ Kazi za shule za wiki tatu zimechukuliwa kwa mwalimu
☐ Daftari na kalamu

## Mwisho wa mwaka wa tatu: kikao cha nyumbani

Wekeni tarehe leo. Siku hiyo ikifika, keti na waliokulipia, na daftari mezani, mjibu maswali manne: Je, mechi zako ulizoshinda dhidi ya wenye pointi zimeongezeka kila mwaka? Je, pengo la pesa kwa kila fungu limepungua? Je, mwili wako uko salama? Je, ukiamka asubuhi bado unataka kwenda kortini?

"Ndiyo" tatu zinatosha kuendelea, hata kama jina lako bado liko mbali kwenye orodha. Ons Jabeur wa Tunisia alitwaa ubingwa wa vijana wa Roland Garros mwaka 2011. Taji lake la kwanza la WTA lilikuja mwaka 2021, mjini Birmingham, na mwaka uliofuata alikuwa wa pili duniani. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna miaka kumi ya hoteli ndogo, viza, majeraha na Jumanne za kutolewa mapema. Kama mtu angemhukumu baada ya miaka mitatu kwa makombe tu, Afrika ingempoteza.

Na kama majibu ni "hapana" tatu, basi umemaliza somo kwa heshima. Una pasipoti iliyojaa mihuri, daftari la mechi zako zote, na ufahamu wa mzunguko ambao makocha wachache wa kwetu wanao. Kesho asubuhi kuna watoto kumi wenye raketi za kuazima kwenye korti ya udongo ya mtaani kwenu. Wapelekee daftari hilo.